Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani: kipi ukiandike, na kwa msomaji yupi

Mtu aliyesoma shule Tanzania, Kenya au Uganda kwa kawaida amefundishwa Kiingereza chenye asili ya Uingereza, kwa kuwa vitabu, mitaala na mitihani ya eneo hili ilirithiwa kutoka huko, na kabla mabaraza ya mitihani ya kitaifa hayajaundwa watahiniwa wa sekondari walikuwa wakifanya mtihani wa Cambridge. Mtu huyohuyo akinunua kompyuta, mara nyingi huikuta imepangwa katika Kiingereza cha Marekani. Tamthilia anazotazama ni za Marekani. Na chuo anachokiomba nafasi, au shirika analoliandikia ombi la ufadhili, huenda liko Marekani pia. Ndiyo maana maandishi mengi ya Kiingereza yanayotoka kwetu ni mchanganyiko: ukurasa wa kwanza una "colour", wa pili una "center", na barua iliyoanza kwa adabu za London inamalizika kwa msemo wa uwanja wa besiboli.

Hakuna kati ya hivi viwili kilicho sahihi kuliko kingine, na msomaji makini wa upande wowote hukubali maandishi ya upande wa pili mradi yawe ya namna moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo kuchagua ni lazima, na katika kuchagua naona watu wengi hutumia nguvu mahali pasipohitaji. Hubishana sana kuhusu tahajia, ambayo haijapata kumpoteza msomaji yeyote, na huyapita bila kuyaangalia maneno yanayoandikwa sawasawa pande zote mbili huku yakiwa na maana tofauti, wakati mwingine maana zinazopingana kabisa. Kwa sababu hiyo tahajia nitaigusa kwa ufupi, na hayo maneno pacha nitayakalia zaidi.

Tahajia

Kamusi ya Samuel Johnson, iliyochapishwa London mwaka 1755, iliimarisha tahajia nyingi ambazo Uingereza inazitumia hadi leo, zikiwemo "honour" na "colour". Huko Marekani, Noah Webster alitoa kamusi ndogo mwaka 1806 na kubwa, yenye maneno yapatayo 70,000, mwaka 1828, akitaka taifa changa liwe na tahajia yake lenyewe na watoto wapunguziwe herufi zisizotamkwa. Baadhi ya mapendekezo yake yalishika, kama vile "color", "center" na "defense". Mengine, kama kuandika "tung" badala ya "tongue", yalikataliwa na Wamarekani wenyewe. Lipo pia jambo ambalo pande zote mbili ziliishia mahali pamoja: Johnson aliandika "musick" na "publick", kwa k mwishoni, na leo hakuna mtu wa upande wowote anayeandika hivyo.

Suala la z hukosewa hata na wahariri wazoefu. Wengi huamini kwamba "organize" ni ya Wamarekani na "organise" ni ya Waingereza, ilhali shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Oxford limependelea z kwa muda mrefu kwa hoja kwamba kiambishi hicho kina asili ya Kigiriki, na ni magazeti na ofisi nyingi za serikali ya Uingereza ndizo zinazotumia s. Umoja wa Mataifa umefuata njia ya Oxford, na Shirika la Kazi Duniani, lililo chini yake, hujiandika "International Labour Organization", neno la pili likiwa na u ya Waingereza na la tatu likiwa na z. Kwa hiyo anayeandika s amejitambulisha mara moja kuwa yuko upande wa Uingereza, lakini anayeandika z hajatuambia bado yuko upande gani. Anayechagua z akumbuke tu kwamba "advertise", "supervise", "exercise" na "surprise" hubaki na s kila mahali, na kwamba "analyse" huandikwa kwa s hata Oxford, wakati Wamarekani huandika "analyze".

Sehemu mojawapo ya tahajia ambapo Kiingereza cha Uingereza ni kigumu zaidi ni pale kinapotenganisha nomino na kitenzi: "licence" na "practice" ni nomino, "license" na "practise" ni vitenzi. Marekani huandika "license" kwa zote mbili na "practice" kwa zote mbili. Kwa mwandishi asiye na mhariri, hilo ni pumziko dogo.

Msamiati ambao Kiswahili kimekwisha kukuchagulia

Katika maneno ya vitu vya kila siku, msemaji wa Kiswahili anayo kamusi ya Kiingereza cha Uingereza kinywani mwake bila kujua. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Grogan, Nairobi, anayetaja boneti na buti la gari anatumia "bonnet" na "boot" za Waingereza, ambazo Mmarekani huziita "hood" na "trunk". Lori, petroli, tochi, lifti, fleti na spana zote zimetoka upande huohuo. Marekani zingekuwa "truck", "gasoline", "flashlight", "elevator", "apartment" na "wrench". Wamarekani walifika Unguja mapema, wakafanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, lakini walichotuachia ni jina la kitambaa, merikani. Maneno ya karakana yalikuja na wengine.

Kwa hiyo anayetaka kuandika Kiingereza cha Uingereza na akasita kati ya maneno mawili, asikilize lipi linafanana na neno la mkopo la Kiswahili. Mara nyingi atakuwa salama. Anayemwandikia Mmarekani afanye kinyume, na hapo ndipo mazoea yanapoanza kumsaliti. Chipsi ni "chips" kwa Mwingereza, lakini Mmarekani akisikia "chips" anafikiria vile vipande vyembamba vikavu vya pakiti ambavyo Mwingereza na Mkenya huviita "crisps", na chipsi zetu za mayai yeye angeziita "fries". Biskuti ni "biscuit" Uingereza na "cookie" Marekani, ambako "biscuit" ni mkate mdogo laini unaoliwa pamoja na kuku au mchuzi mzito. Kwetu gesi ni ile ya mtungi wa kupikia. Mmarekani anayetafuta "gas" barabarani anatafuta petroli, na kituo ambacho Watanzania wengi hukiita sheli kwake ni "gas station". Kifutio cha penseli, ambacho Mwingereza hukiita "rubber", kisiombwe kwa jina hilo katika darasa la Marekani, kwa sababu huko neno hilo la mitaani lina maana ya kondomu. Huko husemwa "eraser".

Soka lina kisa chake. Waingereza wengi hulichukia neno "soccer" kwa kudhani ni la Wamarekani, kumbe lilizaliwa Uingereza, katika lugha ya utani ya wanafunzi mwishoni mwa karne ya 19, kwa kukatwa kutoka "association football", yaani mchezo wa chama cha soka kilichoundwa London mwaka 1863. Kiswahili kimelihifadhi neno ambalo wenyewe wamelikana.

Maneno pacha yasiyo na maana moja

Hapa ndipo mwandishi anapopaswa kutumia muda wake. Neno "elevator" likimfikia Mwingereza, atajua kwamba ni la Kimarekani na atalielewa. Neno "table" likimfikia Mmarekani kutoka kwa Mwingereza, hatashtuka hata kidogo, na ataelewa kinyume cha kilichokusudiwa. Katika bunge la Uingereza, kuiweka hoja mezani ni kuileta ijadiliwe. Katika bunge la Marekani, ni kuiahirisha, pengine isirudi tena. Winston Churchill alisimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa Uingereza walivyotaka waraka fulani ujadiliwe haraka wakawaambia wenzao wa Marekani kwamba wanataka "to table it", na ubishi mrefu, tena wenye uchungu, ukafuata kabla pande mbili hazijagundua kwamba zilikuwa zikitaka kitu kimoja. Mabunge yetu yako upande wa Uingereza: taarifa rasmi za Bunge la Tanzania hubeba kichwa cha habari "Hati Zilizowasilishwa Mezani", na hakuna mbunge anayedhani kwamba hati hizo zimetupwa kapuni. Ukiandika muhtasari wa kikao utakaosomwa na pande zote mbili, liache neno hilo kabisa. Andika "present" au "postpone", kadiri ya ulichokusudia.

Neno "quite" ni jingine la kuogopwa kwa sababu linapatikana katika barua za mapendekezo. Mwingereza akiandika kwamba mwanafunzi ni "quite good", amesema kwamba ni mzuri kiasi, na anayezijua adabu za Uingereza atasikia humo sifa iliyopunguzwa makusudi. Mmarekani akisoma maneno hayohayo ataelewa kwamba mwanafunzi ni mzuri sana. Basi mwalimu wa Kampala anayemsifu mwanafunzi wake kwa dhati na kutuma barua Edinburgh anaweza kumwangusha kwa neno moja, wakati barua hiyohiyo ikipelekwa Boston ingempandisha. Kauli ya kupunguza ukali wa jambo, ambayo Waingereza huipenda, imekwisha kugharimu zaidi ya nafasi ya masomo. Husimuliwa kwamba katika mapigano ya mto Imjin nchini Korea, Aprili 1951, kamanda wa Kiingereza aliyekuwa amezidiwa alimwarifu jenerali wa Kimarekani kwamba mambo yalikuwa "a bit sticky". Kwa Mwingereza hiyo ilikuwa kauli ya hatari kubwa. Mmarekani alielewa kwamba hali ni ngumu kidogo lakini inadhibitiwa, na kikosi cha Gloucestershire kikabaki mahali pake hadi kikazingirwa, askari wake wengi wakauawa au kutekwa.

Kwa waandishi wa miradi, neno la kuangaliwa ni "scheme". Uingereza na Afrika Mashariki hulitumia kwa mpango wowote rasmi, wa pensheni, wa bima au wa umwagiliaji, kama ule wa Mwea nchini Kenya. Hata mradi wa karanga wa Kongwa, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1940 ukashindwa vibaya, uliitwa "Groundnut Scheme" bila mtu yeyote kukusudia kejeli. Kwa Mmarekani neno hilo linanuka hila. Mfadhili wa huko akisoma kwamba kijiji kimebuni "scheme" ya kukusanya fedha za wanachama, moyo wake unakwenda moja kwa moja kwa matapeli. Andika "program" au "project", na fedha zitazungumzwa kwa utulivu.

Masomoni tofauti ni nyingi kiasi kwamba anayejaza fomu za vyuo vya Marekani anastahili kuzijua zote kabla hajaanza. Neno "tuition", ambalo sisi tumelifanya tuisheni, yaani masomo ya ziada, kwa Mwingereza ni kufundisha kwenyewe, na kwa Mmarekani ni ada. Anayeandika kwamba alipata "tuition" jioni baada ya shule atamchanganya msomaji wa huko, na anayesoma kwamba chuo "waives tuition" ajue kwamba amesamehewa ada, wala asidhani kwamba hatafundishwa. "Faculty" ni kitivo kwa Mwingereza, na ni walimu wote wa chuo kwa Mmarekani. Uingereza shahada ya uzamivu huhitimishwa kwa "thesis" na ya uzamili kwa "dissertation". Marekani mambo yamegeuzwa, uzamili una "thesis" na uzamivu una "dissertation". "To revise" kwa Mwingereza ni kudurusu kabla ya mtihani, kwa Mmarekani ni kurekebisha maandishi, kwa hiyo mwanafunzi anayemwandikia profesa wa Chicago kwamba atatumia wiki nzima "revising" ataulizwa ni insha gani hiyo. Na "public school", ambayo Marekani ni shule ya serikali isiyotoza ada, nchini Uingereza ni jina la shule za zamani za binafsi zenye ada kubwa, kama Eton na Harrow. Aliyesoma shule ya serikali Mbeya au Kisumu akiandika "public school" katika fomu ya Kimarekani amesema kweli. Akiandika hivyo kwa Mwingereza wa umri fulani, amejipandisha hadi kwa watoto wa mabwana. "Government school" au "state school" humwondolea utata huo.

Nambari nazo zina pacha wake. "First floor" kwa Mwingereza ni ghorofa iliyo juu ya ile ya chini. Kwa Mmarekani ndiyo hiyo ya chini yenyewe, na mgeni aliyeelekezwa ofisi hupanda ngazi bure. Tarehe ni hatari zaidi, kwa kuwa Mmarekani hutanguliza mwezi. Saba Saba na Nane Nane hazina tatizo, zinasomeka vilevile pande zote, lakini 9/12, siku ya uhuru wa Tanganyika, kwake ni tarehe 12 Septemba, na 12/1, siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, ni tarehe 1 Desemba. Katika mkataba, tiketi au hati ya hospitali mwezi uandikwe kwa jina lake, jambo lisilomgharimu mtu chochote. Bilioni haina shida tena tangu mwaka 1974, serikali ya Uingereza ilipotangaza kwamba takwimu zake zitaihesabu kuwa milioni elfu moja kama Wamarekani, lakini anayesoma vitabu vya Uingereza vya kabla ya hapo akumbuke kwamba huenda bilioni hiyo ni milioni mara milioni.

Yaliyobaki niyapitie haraka. "Moot point" kwa Mwingereza ni jambo linaloweza kujadiliwa, kwa Mmarekani ni jambo lisilo na maana tena kujadiliwa. Rubani wa Kimarekani akitangaza kwamba ndege itatua "momentarily" amesema itatua punde. Mwingereza wa kizamani husikia kwamba itatua kwa muda mfupi tu kisha iruke tena. "Homely" ni sifa ya nyumba yenye utulivu kwa Mwingereza, na kwa Mmarekani ni namna ya upole ya kusema kwamba mtu hana sura nzuri, kwa hiyo usimsifu mwenyeji wako kwa neno hilo kule Minnesota. "Pavement" ni njia ya waenda kwa miguu London, na ni lami ya barabara yenyewe New York. Hapo kosa la lugha laweza kuwa kosa la maisha. "Mad" ni mwendawazimu kwa Mwingereza na mwenye hasira kwa Mmarekani.

Nahau

Nahau nyingi ni zilezile zilizobadilishwa nguo. Mwingereza hugusa mti, "touch wood", ili kuepusha nuksi, Mmarekani huugonga, "knock on wood". Dhoruba ya Mwingereza iko katika kikombe, "a storm in a teacup", na ya Mmarekani katika birika, "a tempest in a teapot". Siri ya aibu ya familia ni mifupa iliyofichwa kabatini, na kabati hilo ni "cupboard" au "closet" kulingana na upande wa bahari. Uchafu hufagiliwa chini ya "carpet" au chini ya "rug". Msaada usiotosha ni tone katika bahari, "a drop in the ocean", au katika ndoo, "a drop in the bucket". Anayeharibu kazi ya wenzake hutupa spana mtamboni, "a spanner in the works", na Mmarekani hutupa "wrench". Tofauti hizi hazimpotezi msomaji, zinamwambia tu umetoka wapi. Inatosha kutochanganya nusu ya nahau ya huku na nusu ya kule, kama anayeandika "a storm in a teapot" na kumfanya kila msomaji aone kwamba amekisia.

Nahau za michezo ni jambo jingine, kwa kuwa asiyeujua mchezo hawezi kuikisia maana. Kiingereza cha Uingereza kimejaa kriketi: aliye kwenye "sticky wicket" yuko mahali pagumu, aliyepigwa "for six" ameshtushwa hadi akapoteza mwelekeo, na jambo ambalo ni "not cricket" si la haki. Hata "hat-trick", ambayo watangazaji wetu wa soka huitaja mshambuliaji akifunga mabao matatu, ilitoka kwenye kriketi, ambako mrushaji aliyewatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo alizawadiwa kofia. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la mchezo huo mwaka 2003, kwa hiyo wapo kati yetu wanaozielewa nahau hizi kutoka kwenye chanzo. Besiboli hatuicheki, kwa maana kwamba hatuitazami kabisa, na ajabu ni kwamba nahau zake ndizo zilizojaa katika barua pepe za ofisi za Nairobi na Dar es Salaam: makadirio ni "ballpark figure", kuwasiliana kidogo ni "touch base", swali lisilotarajiwa limetoka "out of left field" au ni "curveball", na anayeukataa mwaliko kwa sasa akiahidi siku nyingine huomba "rain check", jina la tiketi ya bure aliyopewa mtazamaji ambaye mchezo wake ulivunjwa na mvua. Ushauri wangu kwa mwandishi wa Afrika Mashariki ni kuziacha zote, za kriketi na za besiboli, katika maandishi yoyote yatakayosomwa na zaidi ya taifa moja. Makadirio yaitwe "rough estimate", na Mrwanda aliyejifunza Kiingereza baada ya nchi yake kukifanya lugha ya kufundishia mwaka 2008, au Mrundi aliyelelewa kwa Kifaransa, ataelewa bila kuuliza.

Ipo nahau moja ya Kimarekani ambayo sitaki kuiona hata kwa msomaji wa Kimarekani, nayo ni "I could care less". Maana inayokusudiwa ni kwamba msemaji hajali hata chembe, lakini maneno yenyewe yanasema kwamba anajali na angeweza kupunguza. Wamarekani wengi huisema, wahariri wao wengi huikosoa, na "I couldn't care less" inakubalika pande zote.

Sarufi kwa kifupi

Mwingereza husema "I've just eaten" pale ambapo Mmarekani anaweza kusema "I just ate". Aliyesoma shule zetu hulizoea la kwanza, na halimkwazi Mmarekani. Timu au serikali kwa Mwingereza inaweza kuchukua kitenzi cha wingi, "the team are", jambo ambalo Mmarekani huliona kosa, kwa hiyo umoja ndio ulio salama kwa wote. "Gotten" hudhaniwa kuwa uzushi wa Marekani, kumbe ni umbo la zamani ambalo wahamiaji walilibeba kutoka Uingereza na Waingereza wenyewe wakaliacha. Kuna pia kitu kimoja ambacho Wamarekani wametushinda kwa uwazi: "Monday through Friday" huonyesha bila shaka kwamba Ijumaa imo, wakati "Monday to Friday" huacha mlango wazi kwa wakili mwenye njaa.

Kipi ukichague

Anayeandika kwa ajili ya wasomaji wa Afrika Mashariki, serikali zetu, mahakama, au taasisi za Umoja wa Mataifa abaki na Kiingereza cha Uingereza, kwa sababu ndicho ambacho sheria zetu nyingi ziliandikwa kwacho na ndicho ambacho wasomaji hao wamefundishwa. Kama shirika ni la Umoja wa Mataifa, atumie z ya Oxford. Vinginevyo s haitamdhuru. Anayeomba chuo, kazi au ruzuku ya Marekani aandike Kimarekani, na kazi yake kubwa isiwe kuondoa u katika "colour", iwe kupitia maneno ya masomo, tarehe na "scheme" niliyoyataja juu. Ajue pia kwamba wasifu wa kazi anaoombwa kwa jina la "résumé" ni wa ukurasa mmoja au miwili, na kwamba "CV" huko ni wasifu mrefu unaotumiwa na wasomi. Mtahiniwa wa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, anaweza kutumia tahajia ya upande wowote bila kupunguziwa alama, mradi asichanganye, kwa hiyo aliyelelewa na mitihani ya NECTA au KNEC hana sababu ya kujigeuza wiki chache kabla ya mtihani. Anayetuma makala yake kwa jarida la kitaaluma asome kwanza maelekezo ya waandishi, ambayo kwa kawaida hutaja upande unaotakiwa, na kama hayataji, afuate makala za karibuni za jarida lilelile.

Ugumu hubaki kwa mwandishi wa kitu kitakachosomwa na wote kwa pamoja, kama tovuti ya kampuni ya utalii ya Arusha yenye wateja wa London na wa Los Angeles. Huyo ningemshauri achukue tahajia ya Uingereza, kwa sababu ndiyo ya nchi yake na mgeni huitarajia, lakini katika maneno pacha achague lile lisilo na pacha: aandike "ground floor" na kufuatisha "one floor up", aandike mwezi kwa jina, aite petroli "fuel", na njia ya miguu "footpath". Kiingereza cha namna hiyo hakina ladha ya taifa lolote, na katika bei na ratiba ladha haihitajiki.

Mara uamuzi ukifanyika, lugha ya kusahihishia ibadilishwe katika kompyuta kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, kwa kuwa programu nyingi hutofautisha Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani, na nyingine hutofautisha hata cha Kenya. Kubadilisha baadaye kwa kutafuta na kuweka neno jipya kila mahali hufanya kazi nusu, na nusu ya pili ni madhara: majina rasmi hubaki kama wenyewe wanavyoyaandika, na vivyo hivyo manukuu. "Pearl Harbor" haina u hata katika kitabu cha Mwingereza, chama cha "Labour" cha Uingereza kina u hata katika gazeti la Marekani, na chama cha "Labor" cha Australia, nchi ambayo kwa sehemu kubwa hufuata tahajia ya Uingereza, hakina.